Salamu ni ya Aliyesimama

Mheshimiwa mgeni rasmi, Diwani wetu, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiwe cha Mkaratusi Mmoja pamoja na kamati yako, Mkufunzi wetu Bi Violeth, Padri na Mchungaji, ambao leo mmekaa benchi moja na hakuna aliyemsogelea mwenzake wala aliyemkimbia, wazee wenzangu wa kitongoji, ndugu zetu mliopanda mlima kutoka Hanang kuja hapa Endagikot, akina mama, wahitimu, na ninyi kule nyuma ambao hamkualikwa ila mmeongozwa na harufu ya pilau: nawatambua nyote, kila mtu kwa nafasi yake.

Mlionizidi umri, shikamooni. Nimewahesabu, mko wanne, na mmoja ameshasinzia. Mlio chini yangu, nimezisikia shikamoo zenu wakati napita kuja hapa mbele, na mmeona sijazijibu hata moja. Msinung'unike. Nina sababu, na mtaisikia kabla sijakaa.

Kwa wageni, mimi ni Mwalimu Nicodemo Margwe, mstaafu. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na nane. Nusu ya wahitimu hawa niliwafundisha hesabu mimi mwenyewe, na kila ninapowaona wamepakia abiria watatu kwenye kiti cha mmoja, najua somo la kugawanya halikuwaingia. Ratiba inasema nizungumze kwa niaba ya abiria, dakika kumi. Aliyepanga ratiba hiyo bila shaka hakusoma kwangu.

Kabla ya sifa, tuweke jambo moja mezani, maana kweli liko mezani. Pale mbele ya Mheshimiwa kuna vizibao thelathini na saba vya kung'aa, rangi ya limao. Orodha itakayosomwa ina majina thelathini na sita. Kile kizibao kilichokunjwa pembeni peke yake ni cha Festo. Festo amehudhuria mafunzo yote ya wiki tatu, hakukosa hata siku moja. Lakini miezi kumi na minne iliyopita alianguka na abiria pale Kona ya Darajani, abiria akavunjika mguu, na kamati ya kijiwe ikamvua kizibao. Ikasema hatarudi kubeba watu mpaka shahidi wa ajali ile asimame mbele ya umma aseme kama kijana anafaa au hafai. Shahidi ni mmoja tu, na ni mimi. Abiria aliyevunjika mguu ni mke wangu, Restituta, yule pale safu ya pili mwenye fimbo. Kwa hiyo wale mnaonitazama kwa huruma, mkidhani mzee amekuja kumaliza hasira zake, asanteni sana. Subirini.

Sasa sifa. Dereva hodari wa pikipiki, dereva salama, ni mtu wa namna gani? Bi Violeth amelijibu swali hili kwa wiki tatu nzima, ubaoni na uwanjani, juani na mvuani. Mimi nitalijibu kwa niliyoyaona kwa macho yangu nikiwa nimeshikilia chuma cha nyuma ya kiti na kusali.

Nianze na ufundi wetu wa kuzima injini mteremkoni. Watu wa tambarare hawaujui, kwa sababu Mungu hakuwapa milima ya kujifunzia. Kijana wa kwetu akifika juu ya mteremko anazima ufunguo, anatoa gia, anaiachia pikipiki iende yenyewe. Mafuta yanabaki kwenye tangi. Koti amelivaa mbele nyuma kwa ajili ya baridi, zipu iko mgongoni, kama mtoto aliyevalishwa na baba yake siku mama hayupo. Injini haipo ya kuizuia pikipiki, breki zinachemka, na kwa kuwa ufunguo umezimwa hata honi hailii, kwa hiyo anayegongwa hasumbuliwi na kelele. Tadei, simama watu wakuone. Basi, kaa, kaa, nimesahau goti. Huyu Tadei aliteremka hivyo na magunia mawili ya vitunguu saumu. Kona ya kwanza akaipita, ya pili akaipita, ya tatu ikampita yeye. Tulimkuta katikati ya mahindi ya watu, amekaa chini, vitunguu vimetapakaa kila upande. Nikamwuliza, "Tadei, umeumia?" Akaniambia, "Mwalimu, mafuta yamebaki."

Na yule mwenye tangi lenye mafuta na goti lisilokunjika, si ndiye tunayemwita mjanja?

Nije kwenye elementi, kofia ngumu. Nani alisema vijana wetu hawazitumii? Ni uongo mtupu. Abel wa Tlawi anaitumia kila Jumamosi kubebea mayai kwenda mnadani. Anatandika nyasi ndani, anayapanga trei nzima, anaining'iniza kwenye usukani na kuifunga mkanda wake vizuri kabisa. Mwaka jana aliteleza kwenye utope karibu na kisima. Kati ya mayai thelathini yalivunjika mawili. Abel alishonwa nyuzi tisa kichwani. Nilipokwenda kumpa pole alinionyesha ile kofia kwa fahari, akasema, "Mwalimu, kumbe hizi kofia ni imara." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, na mayai yamefurahi.

Vioo vya pembeni mnaving'oa siku ileile pikipiki inapotoka dukani, eti vinaharibu sura. Sura ya pikipiki, siyo ya mwenye pikipiki. Cheni mnaikaza siku imekatika. Tairi mnalibadilisha likishakuwa kipara kuliko mimi. Breki ya mbele mnaiogopa kama mama mkwe, mnakanyaga ya nyuma peke yake, pikipiki inazunguka, kisha mnasema barabara hii ina mapepo. Padri, na wewe Mchungaji, mmekwisha kuitwa kuiombea ile barabara mara ngapi? Bi Violeth yeye aliiendea na spana, akazikazia breki pikipiki kumi na moja, na nasikia mapepo yamehama.

Lakini mimi nimetumwa na abiria, siwezi kuwasema madereva nikawaacha walionituma. Sisi abiria tuna sifa zetu. Tunapanda tukisema, "Kijana, taratibu, nina watoto," na tukifika mita mia tunasema, "Mbona hatufiki?" Tunabeba kuku mkono mmoja na simu mkono wa pili, na tunategemea meno kushikilia uhai. Pikipiki ikilala kulia kwenye kona, sisi tunalala kushoto, kwa kuwa hatukubaliani na maamuzi ya dereva. Dada yetu Konsolata, ambaye namheshimu sana, humhadithia dereva habari zote za ukoo kuanzia Tlawi hadi mjini, na dereva asipoitikia humgonga begani. Na tunapenda kuwahi. Tunawahi hospitali, tunawahi mnada, tunawahi msiba. Wapo waliokimbizwa kuwahi msiba wa jirani, wakaufanya kuwa misiba miwili. Mkimkuta abiria anayekaa kimya, kajifunga kofia, kamshika dereva kiunoni na analala naye kwenye kona, mwulizeni, huenda ni mgeni.

Bi Violeth, siku ya kwanza ulipofika hapa vijana walikucheka. Usikatae, nilikuwepo, nilikuwa nimekaa pale kwenye ngazi za shule. Walisema mwanamke atatufundisha nini sisi tulioanza kuendesha kabla hatujaota ndevu. Wewe ukachukua unga wa chokaa, ukachora mstari uwanjani, mrefu wa mita ishirini, ukasema, "Mwenye mwendo mdogo kuliko wote ndiye hodari. Tembeeni juu ya mstari huu, polepole kama mtu anayekwenda kwa miguu, bila kuweka mguu chini." Kumbe mashujaa wetu wanaopaa kama mwewe hawawezi kwenda polepole! Wakaanguka mmoja baada ya mwingine, pum, pum, katikati ya uwanja, mbele ya watoto wa darasa la pili. Sijacheka vile tangu nistaafu. Waliofika mwisho wa ule mstari siku ile walikuwa wawili tu.

Wa kwanza ni Alfredi, anayetoka Jorodom, kule Katesh. Mwaka ule mlima uliposhusha matope juu ya watu wetu sitaufanyia mzaha, na hata ulimi wangu huu una mahali unapokaa kimya. Nilimwuliza Alfredi alijifunzia wapi mwendo ule. Akaniambia, "Mwalimu, kwenye matope nilijifunza kwamba pikipiki siyo lazima uiendeshe. Pengine unashuka unaisukuma, na abiria anatembea." Akaniambia pia kwamba abiria wake wengi ni wafugaji wa uwandani, na njiani hukutana na ng'ombe mia mbili. Hapigi honi, kwa sababu ng'ombe akishtuka hukimbilia mahali popote, hata juu yako. Anazima pikipiki, anasubiri mpaka wapite wote na mchungaji wao. Nikamwuliza, "Na abiria wanakuvumilia?" Akasema, "Ng'ombe ni wao." Wahitimu wa huku mlimani, mwigeni huyo. Sisi ng'ombe watatu tu wakitusimamisha tunaanza kutafuta mwenyewe ni nani tumtukane.

Wa pili aliyefika mwisho wa mstari ni Festo. Alifika bila kuweka mguu chini, akageuza, akarudi juu ya mstari uleule. Watoto wa darasa la pili wakampigia makofi. Wakubwa hawakupiga, kwa sababu sote tulijua kwamba huyu ndiye aliyemvunja mke wa Mwalimu, na mimi nilikuwa nimekaa palepale. Nami sikupiga.

Ndugu zangu, nimewasifu madereva na nimewasifu abiria. Itakuwa upendeleo nikiwaruka wazee. Sisi wazee wa kitongoji hiki hatuendeshi pikipiki, wala hatujui breki inakokaa, lakini tumetoa mchango mkubwa kuliko wote katika usalama wa barabara yetu. Tulitunga sheria. Aliyeitunga ni mimi, na leo naomba nisifiwe kwa haki.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nimesimama Kona ya Darajani na wenzangu wawili, Isidori na Yohanes, wote wako hapa. Festo akaja kutoka juu na abiria. Elementi kichwani, mkanda umefungwa, mikono miwili kwenye usukani, macho mbele, injini inanguruma kwa gia ndogo kama Bi Violeth anavyofundisha leo. Akatupita. Hakusalimu. Jamani, mtoto niliyemshika mkono kumfundisha kuandika herufi a, ananipita kama kisiki! Isidori akacheka. Akasema, "Nicodemo, yule siyo mwanafunzi wako?" Yohanes akamjibu, "Alikuwa."

Ningeweza kufa kwa kile kicheko. Jioni ile nikamfuata Festo kijiweni, nikamsema mbele ya wenzake wote. Nilimwambia hata ng'ombe akikutana na mtu njiani humgeukia. Kijana akavua elementi, akainama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe. Pale konani nisingeweza kuachia usukani. Nilikusalimu moyoni." Nikamwambia, "Moyoni mimi sisikii." Vijana wakaangua kicheko, na mimi nikarudi nyumbani nimenyooka mgongo. Nilijiona nimefundisha.

Wiki iliyofuata, kwenye mkutano wa kitongoji, baada ya ajenda ya maji, nikasimama nikatoa hoja: dereva asiyesalimu wazee, asipandwe. Akina mama wakanipigia vigelegele. Hakuna aliyepinga, maana nani mwenye akili timamu atasimama mkutanoni apinge heshima?

Na sheria ikafanya kazi. Ah, ilifanya kazi kuliko sheria zote tulizowahi kutunga! Ndani ya mwezi mmoja, kuanzia kanisani hadi darajani, ilikuwa mikono juu kila upande, kama darasa la kwanza lililoulizwa swali rahisi. Modest, yule mrefu, alikuwa anavua elementi kabisa, anaipunga hewani huku pikipiki inakwenda. Wengine walikuwa wanageuza shingo mpaka nyuma, kwa sababu kwetu sisi hujasalimu mpaka umeitikiwa, na mzee akiwa mgumu wa kuitikia, wewe utaendelea kumtazama. Nasi tulitoka majumbani bila shughuli yoyote, tukasimama barabarani kusalimiwa. Yohanes alihamisha kigoda chake kabisa. Tulikuwa na furaha, siwezi kuwaficha.

Mimi mnanijua. Marahaba yangu haitoki harakaharaka. Kwanza nakohoa. Kisha namtazama mtu, nijue ni mtoto wa nani. Kisha ndipo namjibu. Miaka thelathini na nane wanafunzi wamesimama wakingojea kikohozi hicho kiishe, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo wa konani umekuwa sabuni. Nilikuwa nimesimama pale pale pangu. Festo akatokea juu, amembeba mke wangu anamtoa kliniki ya macho. Nilimwona anapunguza mwendo. Nilimwona anasita. Ndugu zangu, nilimwona kabisa yule kijana anaitazama kona, kisha ananitazama mimi, kisha anaitazama kona tena. Alikuwa anachagua. Na mimi nikasimama vizuri, nikaegemea fimbo yangu, nikangoja kuona atachagua nini.

Akainua mkono wa kulia. "Shikamoo, Mwalimu!"

Nikaanza kukohoa.

Alipita huku ananitazama, anangoja. Nilipomaliza kukohoa na kuanza kumtazama, pikipiki ilikuwa imeshaacha barabara. Nilisikia sauti ya mke wangu, na sauti ile sitaielezea hapa. Walikuwa mtaroni wote wawili. Festo mkono wake umevunjika mahali pawili, lakini alikuwa amepiga magoti kwenye maji, amemwinua Restituta kichwa kisilowe, na anasema, "Mama, nisamehe. Mama, nisamehe." Mimi nilikuwa nimesimama juu yao na fimbo yangu.

Kamati ya kijiwe iliponiita nitoe ushahidi nilisema neno moja tu. Nilisema, "Alikuwa haangalii mbele." Ni kweli tupu. Ningeweza kuliapia. Nilichoacha ni kusema alikuwa anamwangalia nani. Na kamati, kwa kuwa mzee akishasema haulizwi mara ya pili, haikuuliza. Wakamgeukia Festo. Mnajua alijibu nini? "Ni kweli, sikuangalia mbele." Basi. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ilikuwa na jina langu ndani yake, na sisi tulimfundisha kwamba jina la mzee halitajwi hivyo. Tulimfundisha vizuri mno.

Miezi kumi na minne kijana analima vibarua kwenye vitunguu vya watu. Pikipiki yake ipo nyumbani kwa mama yake, imefunikwa gunia. Naambiwa kila Jumapili baada ya ibada anaifunua, anaifuta, anaiwasha kidogo, anaifunika. Na mimi nimepita mbele ya nyumba ile kila Jumapili nikienda kwangu, na nimekuwa nikikumbuka ghafla kwamba kuna kitu nimesahau upande wa pili wa barabara.

Mke wangu alilala kitandani miezi mitatu. Siku ya pili hospitali aliniuliza, "Mwalimu, ulimsikia alivyokusalimu?" Nikasema nilisikia. "Ulimwitikia?" Nikamwuliza kama ameshakunywa uji. Hakurudia tena swali lile. Alikaa nalo mwaka mzima na ziada, ananipikia, ananifulia, anachechemea. Leo asubuhi nikiwa nafunga tai hii, akaja mlangoni na fimbo yake akasema, "Utasema wewe, au nisimame mimi?"

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu Mwenyekiti na kamati, ushahidi wangu kamili ndio huo. Kijana aliponipita bila kunisalimu alikuwa dereva hodari na salama, na mimi nikamwadhibu. Aliponisalimu kama nilivyotaka, alimvunja mke wangu. Naona aibu, na nimeiona kila siku tangu siku ile. Mmeniuliza kama Festo anafaa. Anafaa. Alifaa tangu mwanzo kuliko sisi tuliokuwa tunamhukumu, na kile kizibao pale pembeni kisipovaliwa leo, basi mnivike mimi ili magari yanione kwa mbali na kunikwepa.

Wazee wenzangu, mnajua Alhamisi tulikaa tukaifuta ile sheria. Isidori alipinga. Alisema heshima itapotea. Nikamwuliza, heshima gani hiyo inayotaka kijana atazame nyuma kwenye kona? Akasema, "Basi angalau wapunguze mwendo." Kwa Isidori hayo ni mapinduzi, na ninampongeza. Yohanes naye amerudisha kigoda chake nyumbani, ingawa amekiweka karibu na dirisha.

Wahitimu, Bi Violeth aliwaandikia ubaoni siku ya mwisho maneno ambayo ningetamani ningeyaandika mimi miaka thelathini na nane iliyopita: salamu ni ya aliyesimama. Ukitaka kunisalimu, simamisha pikipiki pembeni, weka mguu chini, nisalimu, nami nitakohoa mpaka uchoke. Ukiwa unakwenda, nipite kimya. Mikono yako ikae kwenye usukani, macho yako yakae barabarani, na aliyekaa nyuma yako, awe mke wa mtu au mtoto wa mtu, umfikishe anakokwenda na mifupa yake yote. Hiyo ndiyo shikamoo nitakayoisikia, na sitahitaji uitamke.

Nawashukuru, Mheshimiwa na wote mlioketi, kwa kuyavumilia maneno ya mzee yaliyozidi dakika kumi kama mlivyotarajia. Wapishi, mmesubiri vya kutosha. Asanteni kwa masikio yenu.

Limebaki jambo moja dogo, na ndilo lililonizuia kuziitikia shikamoo zenu nilipoingia. Nisingeweza kuziitikia za leo wakati kuna ya zamani inangoja, na mwenyewe yuko hapa, amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu aliyejiandaa kutoka.

Festo, simama. Usije mbele, simama hapohapo. Tazama, na mimi nimesimama, hakuna anayekwenda mahali popote. Siku ile pale konani ulinisalimu ukangoja, na mimi mpaka leo sijakujibu.

Marahaba, mwanangu.